Takrima ya Mguu

Miaka kumi na mmoja nimepiga pasi chini ya miguu yao.
Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu.
Dari ikitikisika, chokaa ikidondoka
juu ya shati jeupe la karani wa benki,
nami nikilirudisha majini, nikilaani kimoyomoyo.
Hapa Chungju, nyuma ya soko la matufaha,
kila mtu analijua duka langu kwa mvuke wake.
Ya juu yake hakuna aliyeyajua.

Siku moja nikapanda ngazi, shati mkononi kama ushahidi,
maneno nimeshayakunja na kuyapanga.
Nikamkuta mzee Tak Jong-gu, soksi imetoboka kidoleni,
na wanafunzi watatu:
fundi saa,
binti wa shule mwenye chunusi na hasira,
na Bwana Pyo wa posta, tumbo limemtangulia.
Hawakuwa wakipigana. Walikuwa wakiyumba,
magoti yakilegea, yakinyooka,
kama mtu aliyeaga na bado ana la kusema,
mguu ukichora pembetatu sakafuni, ukirudi, ukichora.
Ikku! Ekku!
Sauti ya mtu aliyejikwaa akajicheka mwenyewe.

Nikauliza: Hii ni ngoma au ni vita?
Mzee akajibu: Ndiyo.

Kisha akafuta jasho kwa mkono wa vazi lake
(vazi nililolifua mimi, na hajalilipia hadi leo)
akasema: Katika taekkyeon huruhusiwi kukaa mbali ukivizia.
Sharti uweke mguu mmoja mbele,
pale mwenzako anapoufikia,
akitaka akupige mtama.
Tunaita daejeop. Kumkirimu mgeni.
Mguu wako ndio chai unayomwandalia.

Na teke?
Teke linasukuma, halivunji.
Akianguka, umeshinda.
Akiumia, umeshindwa wewe.

Nililisahau shati.
Nikamkumbuka babu yake mama.
Ilisemekana kwamba zilipokuja amri za wageni
aliacha kucheza uwanjani siku ya Dano,
akawa anacheza zizini usiku,
ng'ombe mmoja tu akimtazama na kutafuna.
Nilidhani ni hadithi ya kulazia watoto.
Kumbe huyo ng'ombe aliona nisichokiona mimi
miaka yote hii, kwa unene wa ubao mmoja.

Watoto wa mtaa huu wana mikanda ya rangi,
basi dogo la njano huwachukua mlangoni.
Sisemi vibaya, nao ni tawi letu.
Lakini huku juu hakuna mkanda,
hakuna cheti cha kutundika ukutani.
Kuna mbao zilizochakaa kwa umbo la pembetatu
na mzee wa miaka sabini na minne
anayesahau funguo zake, hasahau mguu upi unafuata.

Mimi hotuba sina. Nina mifuko ya suruali za watu.
Tangu mwezi wa tatu, kila nguo inayotoka kwangu
ina karatasi ndani, nimeikunja mara mbili:
"Jumanne na Ijumaa, saa moja jioni.
Ngazi ya nyuma, juu ya dobi.
Hakuna sare. Njoo na miguu yako."

Wengi wanaitupa.
Mama mmoja alirudi amefura, alidhani ni deni.
Karani wa benki alikuja, viatu mkononi,
akasimama mlangoni, akaondoka.
Wiki iliyofuata akaja tena.

Jana nilimwekea mguu mbele.
Aliutazama sana, kama mtu anayehesabu pesa za mwenzake,
kisha akanipiga mtama safi kabisa.
Nikakaa kitako sakafuni, nikacheka mpaka mbavu zikauma,
na chini yetu, dukani, nilijua,
chokaa ilikuwa ikishuka taratibu
juu ya shati lake.