Nyuma, Kushoto

Jirani wa geti la bluu,
bahasha yako imefika.
Ameileta kijana wako wa kazi,
akasimama mlangoni kama mwenye deni:
"Bosi anasema chama kipokee, asisumbuliwe."
Noti kumi za elfu kumi, bado zinanukia benki.

Nimezihesabu mara mbili, mimi mweka hazina,
nikazirudisha zilimotoka.
Ada yetu ni elfu mbili kwa mwezi.
Hatujui mahali pa kuandika laki moja.

Usikasirike. Nami nilikuwa hivyo hivyo.
Miaka mitatu nilipita mkutanoni na ndoo kichwani
nikijifanya nahesabu hatua.
Nilisema: chama ni domo, chama ni chai ya bure,
chama ni Bitama kugombana na Ntakije
nani alirudisha sufuria likiwa limetoboka.
(Ni kweli. Wanagombana hadi leo.)

Lakini wewe hujaiona Katubuka ikinyeshewa.
Ulihamia kiangazi, gari lako likapanda hadi getini,
vumbi tu ndilo lililolalamika.
Ngoja Novemba.
Udongo huu mwekundu hulegea kama ugali uliopunjwa unga,
korongo hufungua kinywa pale kwa fundi baiskeli,
na gari, liwe la nani, hulala lilipo.

Ndipo tunapoishusha machela.
Imetundikwa kwa Ruhuza, juu ya banda la mbuzi:
miti miwili ya mkaratusi na turubai kuukuu
lililoshonwa kwa uzi wa nyavu za dagaa.
Imeshusha wagonjwa kumi na tisa hadi lami.
Wa ishirini tulimpandisha nayo. Hakuwa mgonjwa tena.

Mimi ni wa saba.
Usiku ule jina langu halikuwa daftarini.
Mume alikuwa safarini Mpanda, mvua ilikuwa juu ya bati,
na tumboni mtoto amekaa mkingamo.
Hakuna aliyeuliza risiti.
Bitama alishika mbele kulia, Ntakije mbele kushoto,
wakaendelea na lile sufuria lao kilima kizima,
gizani, matope magotini,
hadi nikacheka katikati ya uchungu,
na kicheko, wallahi, kikauma kuliko uchungu wenyewe.
Kule Maweni mkunga akatoa mmoja, akanyamaza,
akasema: ngoja, kuna mwingine.

Nyuma kushoto alikuwa Gwimo.
Mtu mrefu, wa kuinama kila mlango.
Mteremkoni wa mbele hushuka kwanza,
kwa hiyo nyuma hutakiwa watu wenye miguu mirefu
na wasio na haraka.
Mwaka huu Gwimo kahamia Uvinza, kwenye chumvi.
Pembe yake kaishika mtoto wa Zubeda,
ana moyo, lakini kimo hana;
machela inalala upande kama mtumbwi uliopakiwa vibaya,
mgonjwa tunamfunga kwa kanga asidondoke.

Juzi nilikuona ukibadilisha taa ya geti.
Hukupanda kiti.
Nikaweka ndoo chini, nikakutazama bila haya.

Basi nakurudishia pesa yako.
Laki moja haina bega.
Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kiwe na pete ya dhahabu.

Jumamosi, saa moja asubuhi,
tunajaza viroba mchanga pale korongoni.
Koleo kama huna, tutakuazima.
Kijana wako naye aje,
ila aje kwa niaba yake mwenyewe.
Chai ipo, haina sukari ya kutosha.
Utasikia habari za sufuria; usiulize upande wa nani,
walioulizwa hawakurudi kazini mapema.

Elfu mbili utanilipa huko huko, nitakuandikia risiti,
na Ruhuza atapima bega lako kwa fimbo yake.

Hesabu noti zako: ni kumi.

Mimi jirani yako, mlango usiofungika vizuri,
Mama Bukuru.
Na Toyi.