Vipuri na Kipuli

Tulipoifunua, kuku walikuwa wametaga kiti cha nyuma:
mayai manne, la tano limepasukia kwenye springi.
Babu Nazario aliiegesha nyuma ya ghala
wiki ile alipoanza kutema damu,
akatoa betri, akafunga milango yote minne
kama mtu anayerudi baada ya chakula cha mchana.
Miaka thelathini na mmoja.
Kutu ikakaa sakafuni mwake
kama mgeni asiyejua kuaga.

Biuki ya mwaka hamsini na tisa,
mapezi mawili nyuma, papa aliyepotelea jangwani
hapa Española, ambako mto wenyewe
kuna miezi hukumbuka maji kwa shida.

Mimi ni mchomeleaji.
Mchana naunga matangi huko juu Los Alamos
kwa watu wanaolikosea jina langu kila Jumatatu.
Usiku nilikuwa wake:
msasa, kisha msasa laini, kisha kiganja kitupu,
maana jicho hudanganywa na rangi,
kiganja hakidanganyiki.
Kabureta niliichemsha kwenye sufuria ya maharage
(Bibi hajui; sufuria nilinunua nyingine).
Binamu yangu Amadeo akashona viti kwa mahameli,
vifungo mia na sitini,
na kila kifungo alikitukana peke yake.

Rangi, mipako kumi na miwili,
komamanga juu ya dhahabu:
ukiwa mbali ni nyeusi,
ukisogea, jua likiigusa, inaiva.

Kwenye buti nikafunga pampu mbili na betri sita
ili ipige magoti nikitaka, inyanyuke nikitaka.
Wapo wanaoita huo ushamba.
Magari yao yametengenezwa yawahi.
Hili nimelitengeneza lichelewe.

Sasa niseme lile nililolificha.
Siku ya kung'oa kiti cha nyuma
nilikuwa natafuta vipuri; nikapata kipuli.
Kimoja. Feruzi, umbo la tone,
kando ya senti nane na tiketi ya sinema.
Na masikio ya Bibi Ofelia hayajatobolewa kamwe:
mama yake aliogopa sindano.
Nikakizika ndani ya kopo la grisi,
miezi miwili, nikijifanya fundi tu.

Jumapili ya Pasaka akaja na mkongojo wake,
akaizunguka Biuki mara moja, hakuisifu.
"Chini ya kiti ulikuta nini?"
Aliuliza kama anayedai chenji dukani.
"Mayai, Bibi."
"Na kingine?"

Nikaleta kopo.
Akakifuta kwa pindo la gauni lake la kanisani,
akakiinua kwenye mwanga.
"Eufemia," akasema. "Aliuza mikate karibu na daraja.
Mazishini alilia kunishinda,
nikampa leso yangu.
Hakuirudisha."

Akaomba uzi.
Akakitundika mwenyewe kwenye kioo cha ndani,
akaketi mbele, akaweka mkoba mapajani.
"Washa."

Tukapita barabara kuu aste aste,
watoto wakipunga mikono, mbwa wakitupita kwa miguu.
Karibu na daraja akagonga dashibodi kwa pete.
"Shusha."
Nikabonyeza. Biuki ikashusha pumzi, ikapiga magoti
mbele ya duka linalouza simu siku hizi,
dirishani tangazo la punguzo la bei.
Akalitazama muda mrefu.
Nyuma yetu mtu akapiga honi, kisha akanyamaza.

Nilitaka kuuliza. Nilikuwa na maswali ya kujaza buti.

"Mikate yake," akasema, "ilikuwa na chumvi nyingi."
Kisha: "Inua. Betri zitaisha."

Tukaenda.
Kipuli kikigonga kioo,
tik,
kwenye kila shimo la barabara.