Ndoo Mbili, Mirbat

Ndoo ya bluu: jongoo bahari.
Musallam kamwokota mwambani, kanzu ingali mbichi.
"Mwalimu, huyu hana kichwa."
Ana mdomo, nikasema, na hupumulia nyuma.
Darasa zima likavunjika mbavu.

Ndoo nyeupe, iliyokuwa ya samli: chura,
katoka Darbat na ubaridi wa ukungu,
koo likimcheza, macho ya dhahabu,
akitukagua mmoja mmoja
kana kwamba ndiye msahihishaji wa mtihani.

Andikeni tofauti. Huyu ana mifupa, yule hana.
Huyu hudai mvua kwa sauti, yule hata kilio hana.
Ukimtisha, jongoo hutapika matumbo yake,
akuachie uyatazame, aende zake mtupu
akajifume mengine.
Chura naye alizaliwa na mkia;
akaumeza kidogo kidogo, kwa ndani,
hadi akabaki na miguu tu.

"Na wewe, mwalimu, uliyezaliwa Wete?"
Ni Tufuul, dawati la nyuma.
Nikafuta ubao. Ulikuwa safi.

Msichanganye maji, nikawaambia:
ya chumvi humuua mmoja, matamu humuua mwingine.

Alasiri nikamrudisha jongoo mwambani,
kisha nikapanda mlima, ndoo nimeifunga mkanda wa kiti,
waipa zikifuta manyunyu.
Ng'ombe walikuwa wametumbukiza midomo chemchemini.
Nikamwachia. Akaanza kelele zake palepale,
na hakuna ng'ombe aliyeinua kichwa.

Nikacheka peke yangu, kwa Kiswahili.