Nusu

Juni ikishuka Katuba na baridi yake ya vumbi
Chola huanza kuhesabu mifupa yake
kama mama ahesabuvyo franga za soko la Kenya:
moja moja, bila kutaja jumla.
Damu yake imepinda kama mundu.
Tunaijua kwa chupa za maji ya moto, kwa blanketi mbili,
kwa usiku ambao hakuna aliyelala
na asubuhi hakuna aliyeuliza.

Mwaka huu daktari alileta neno jipya: uboho.
Unahamishika, alisema, kama mche.
Lakini mwili ni mwenye nyumba mkali.
Kila chembe imebandika mlangoni jina la kwao
na askari wa damu hupita wakisoma;
wasilolitambua, wanalipiga.
Na huyu mgeni, uboho, huja na askari wake mwenyewe.
Asipowajua wenyeji, ataanza yeye.

Basi tukaenda, ndugu wanne,
pamba shavuni, damu kidogo kichupani,
Musonda akiuliza kama inauma,
mimi mkubwa nikiwa mbele
kama anayekwenda kuchukua kilicho chake.

Bi Kaluwa wa maabara hakuharakisha.
Zamani, alisema, tulitambua ukoo, hatukutambua mtu.
Ni kama kumwona mtu kwa mbali barabara ya Kasenga:
koti unalijua, mwendo unaujua,
unampungia mkono, kumbe siye.
Sasa mashine inasoma herufi baada ya herufi,
A, C, G, T,
nne tu,
alfabeti maskini kuliko zote,
na ndiyo iliyotuandika.

Karatasi hiyohiyo, akaongeza, humwonya daktari
dawa ipi itambabua mgonjwa fulani ngozi
kabla hajaimeza.

Vichupa vikapanda ndege. Sisi tukabaki na bukari.
Baba, aliyechimba Ruashi hadi mgongo ukakataa,
ndiye aliyeelewa kabla yetu:
jiwe la kijani kila mtu huliita shaba,
mnunuzi halitazami kijani chake,
analivunja.

Wiki ya sita, majibu.

Chisenga: hakuna.
Chisenga anayefanana na Chola hata kikohozi,
ambaye walimu huwachanganya majina,
hakuna hata mstari mmoja.
Musonda: nusu.
Mimi: nusu.
Upande wa mama tulipewa sawa, mimi na Chola,
upande wa baba kila mtu alishika njia yake.
Kunda: yote.
Kunda wa miaka tisa, mwizi wa sukari,
anayelala akimpiga Chola mateke.

Halafu Bi Kaluwa akaweka kidole mahali pamoja.
Hapa, herufi hii, kwenye daftari la dunia haimo.
Wametoka mamilioni kujiandikisha huko nje
na wa kwetu ni wachache mno,
kwa hiyo haina hata namba.
Mama akainama, akaitazama kama sufuria iliyorudishwa:
“Hiyo ni ya bibi yangu wa Luapula,” akasema.
Hakuna aliyecheka.

Nilitaka kuwa mimi. Naliandika hapa kwa sababu
nyumbani halisemeki.
Daktari ananiambia nusu nayo siku hizi hujaribiwa,
huko kwenye hospitali kubwa, Kunda akishindikana.
Namshukuru. Nimekuwa gurudumu la akiba.
Pesa yenyewe bado; mjomba ameahidi,
na ahadi za mjomba tunazijua.

Usiku umeme umekatika. Nachemsha maji kwa makaa,
nafunga chupa kwa kitambaa, nampelekea Chola miguuni.
Kunda hajalala. Ananinong’oneza gizani:
akichukua damu yangu,
na yeye ataanza kuogopa mbwa?

Sijui, nasema.
Karatasi haikuandika.