Subiri Elfu Mbili

Umeme ulirudi Kadutu saa tano usiku.
Nikafungua kiini cha mfumo, nikashuka hadi kwenye kiendeshi cha mizani,
ile mizani ya watoto pale kituo cha afya:
mistari mia tisa na kumi na miwili, yote ya Murhula,
ambaye siku hizi anauza simu Kalemie.

Nafagia.
Kitu kimoja kimepewa majina matatu: uzito, uzitoo, uz2.
Nabakiza moja.
Hapa alifunga kufuli, akatokea dirishani,
wengine wote wakabaki mlangoni wakingoja ufunguo.
Hapa alikopa kumbukumbu, kosa likatokea, akaondoka nayo,
kama mtu aliyekula likelemba zamu ya kwanza
kisha akahamia Uvira.
Nalipa deni. Nafungua kufuli.
Mistari mia sita. Mia tano na arobaini.
Mvua inapiga bati, na udongo wa mtaa wetu
unateremka kwenda ziwani bila kuniuliza.

Ndipo naukuta, katikati ya kazi, peke yake:
subiri elfu mbili.
Na juu yake, maneno yake: usiguse, dada.
Dada nani? Mwaka ule hakukuwa na dada kazini.
Sekunde mbili nzima mashine imekaa, haifanyi kitu!
Nikafuta. Nikacheka, hata.

Asubuhi Nabintu, muuguzi, akamlaza mtoto wa miezi minne.
Kilo tisa, ikasema skrini. Kilo mbili na nusu. Kumi na moja.
Mama yake akanitazama mimi, si mizani.
Mtoto alikuwa anarusha miguu,
anagombana na ubaridi wa sahani ya chuma,
na kiendeshi changu, safi, chepesi, chenye haraka,
kikaandika kila teke.

Pale pale, kompyuta juu ya magoti, nikaurudisha mstari.
Elfu mbili: muda wa mtoto kugundua kwamba chuma hakiumi,
muda wa kiganja cha Nabintu kukaa juu ya kifua chake
bila kugusa.
Kilo sita na gramu mia moja.
Mama akapumua, akafunga kitenge.

Maneno ya Murhula nimeyaacha, nimeyaongeza kidogo tu:
usiguse, dada, wala wewe kaka.
Mtoto bado anarusha miguu.

Nimemwandikia Kalemie kumuuliza huyo dada ni nani.
Hajajibu. Labda ana mteja.