Saa Kumi Kasorobo

Jumamosi ya mwisho ya Agosti, mahindi yakiwa yametupita kimo,
mji mzima wa Vlasta, Nebraska, watu mia sita na kitu,
hujibana katika ukumbi wa zimamoto
kumtazama baba yangu akila watu.

Filamu yenyewe ni ya dakika sitini na nane.
Iligharimu dola elfu mbili na mia tatu
na nguruwe mmoja, aliyeliwa na wapiga picha.
Mwongozaji, bwana Thurlow Beggs, alitoka Omaha
na kamera ya kuazima, na kikohozi,
akauliza nani hapa ni mrefu na anaweza kubana pumzi.
Wakamwonyesha Emil Kratochvil, fundi,
chini ya trekta, miguu imetokeza.

Mama ndiye aliyelishona lile dude:
sponji la godoro la wageni, mipira ya matairi,
sharubu za waya wa simu,
macho, taa mbili za breki.
Beggs akataka magamba. Mama akamwambia
kambare hana magamba, hata mtoto mchanga wa hapa anajua.
Beggs akasema watu wa Chicago hawajui.
Basi vizibo vya soda, elfu moja na mia nne,
kimoja kimoja, kwa sindano ya magunia,
na zipu mgongoni, ndefu kama reli,
ambayo filamu nzima haikujificha hata mara moja.

Wanasema ukiona vyaelea, vimeundwa.
Hili liliundwa, na halikuelea.
Sponji liliunywa mto Platte kama mlevi siku ya mshahara;
baba akazama, akapunga mapezi, akaita jina la mama,
na Beggs, machozi ya furaha yakimlengalenga,
akapiga kelele: Endelea! Endelea hivyo hivyo!
Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote.
Hakuna mwigizaji wa kulipwa anayeweza kufa vile.

Tumeihifadhi yote kichwani. Daktari wa kwenye filamu
anapotaka kusema, "Hii si kazi ya samaki wa kawaida,"
sisi tumeshasema, na mchungaji kwa sauti kutushinda.
Mwezi unapopita ukining'inia kwa kamba, tunaushangilia.
Meneja wa benki anapoliwa, wenye madeni husimama.

Halafu inakuja ile. Dude linapanda ukingo,
linanyoosha pezi kumkaba binti wa sherifu,
na pale penye kifundo inang'aa, wazi kabisa,
saa ya baba, aliyosahau kuivua.
Ukumbi mzima: SAA NGAPI, KAMBARE?
Na ukumbi mzima hujijibu: KUMI KASOROBO!
Bisi zinaruka hadi kwenye feni.

Baba alikuwa akikaa nyuma, karibu na mlango.
Aliinua mkono, akaitazama saa ile ile,
akasema taratibu, "Hiyo imechelewa kidogo."
Kila mwaka maneno yale yale. Kila mwaka tulicheka.

Kinyago ulichokichonga mwenyewe, eti, hakikutishi.
Mama alikichonga. Kila kizibo anakijua.
Usiku wa kwanza, mwaka hamsini na nane, alipiga ukelele,
akaruka viti viwili, na kiatu kimoja hakikuonekana tena.

Mwaka huu, wa tatu tangu tumzike baba,
aliketi mbele, mkoba mapajani.
Pezi liliponyooka nilimshika mkono.
Watu wakauliza saa. Watu wakajibu.
Yeye alisubiri kelele ziishe,
ndipo akamjibu, peke yake, kwa Kicheki.

Nyuma yetu mtoto wa kina Novotny, miaka minne, mara yake ya kwanza,
alikuwa analia kweli, uso wote ndani ya koti la babake.
Mama akageuka, akamtazama
kama unavyomtazama mtu aliyekuja kulipa deni ulilokwisha kulisahau,
akafungua mkoba, akampa peremende.