Mahubiri ya Kilo Hamsini

Jumapili ya kwanza nilipanda mimbarini nimekaza tai,
mwana wa Santa Cruz, wa miwa na jasho,
kifua bado kinagombania hewa ya nyanda za juu,
nikawaambia wakata chumvi, wana wa wakata chumvi:
"Ninyi ni chumvi ya dunia."

Nikangoja amina.
Mtu mmoja akakohoa.
Bati la paa likalia kwa upepo.

Nikapandisha sauti, dawa yetu wahubiri kwa kila ugonjwa:
chumvi ni tunu, nikasema, chumvi ni adimu,
zamani askari walilipwa kwa chumvi!
Hapo kijana wa benchi la nyuma akacheka,
akazamisha uso katika kofia yake ya sufu.

Baada ya ibada Mama Nemesia Yucra alinizuia mlangoni.
Akafungua viganja: nyufa tupu,
na kila ufa umejaa weupe.

"Mchungaji, gunia la kilo hamsini
nalijaza, nalishona, nalipandisha garini,
na bei yake hainunui mkate wa kuwatosha wajukuu.
Penye chumvi kinoa haioti.
Buti za marehemu ziliisha kabla hajaisha yeye.
Ukituita chumvi unatusifu,
au umetuona?"

Chuoni hawakunipa jibu la swali hilo.

Jumatatu akanipeleka uwandani.
Weupe, weupe, mpaka macho yakaomba radhi.
Kaka yake, Casimiro, akapasua tofali kwa shoka,
akalisimamisha mbele yangu. "Soma."
Mistari: mweupe, wa kahawia, mweupe, mweupe mnene.
"Mweupe ni mvua," akasema Nemesia.
"Wa kahawia ni vumbi la mwaka ambao mvua ilitusahau.
Huu hapa, mwembamba kama uzi,
ndio mwaka Ramiro wangu alivuka kwenda Chile, machimboni.
Hajaleta neno."

Nami, mdomo ukiwa mwepesi kuliko akili,
nikaleta kondoo aliyepotea,
mchungaji akiwaacha tisini na tisa nyikani.

Casimiro akashusha shoka.
"Amewaachia mbweha? Huyo mifugo ilikuwa yake?"
Akafikiri, akifuta pua kwa mkono wa koti.
"Labda kondoo. Lama hafuatwi.
Ukimfuata anadhani ni mchezo, anazidi kwenda.
Unaweka bonge la chumvi juu ya jiwe,
jiwe lile lile, kila jioni,
unakwenda kulala.
Ulimi wake utamrudisha."

"Kila jioni," Nemesia akarudia,
akiutazama upande ambao jua huzama.

Hakuna aliyesema zaidi. Tulipakia magunia.
Nilipakia manne; mgongo wangu
ulihubiri usiku kucha.

Jumapili ya pili sikuvaa tai.
Niliweka bonge la chumvi mezani, kando ya mkate,
nikasema, "Ninyi ni chumvi,"
nikataka kueleza: jiwe, jioni, ulimi.
Midomo yangu ilikuwa imepasuka kwa baridi;
neno la kwanza lilichoma,
nikanyamaza.

Kijana wa kofia hakucheka.
Nemesia akainuka kwa shida ya magoti,
akalichukua bonge, si la kwake, bila ruhusa,
akaliweka kizingitini, nusu juani,
akarudi kuketi.

Tukaimba na mlango wazi,
baridi ikiingia inavyotaka.